Livingstone: Jina Hili Limetoka Wapi?

Jina langu la tatu ni Livingstone. Hapa chuoni si jambo geni, maana ukipita kwenye orodha za matokeo utakuta akina Livingstone, Stanley, Nelson na Wellington wamejaa tele. Lakini tangu mjadala wa majina ya kikoloni upambe moto kule vimbweta, nimeulizwa swali moja mara nyingi: "Hivi we, hilo jina ndilo litakalokaa kwenye cheti chako cha digrii maisha yako yote?"

Swali ni la haki. Niko mwaka wa tatu, na anayetaka kubadili jina inabidi ale kiapo kwa wakili na arekebishe nyaraka mapema, kwa sababu cheti cha kidato cha nne, kitambulisho cha NIDA na karatasi za mkopo zinatakiwa zisomeke sawasawa. Kwa hiyo kabla ya kwenda kwa wakili nilikwenda maktaba. Haya ndiyo niliyoyapata, na naamini yatamfaa yeyote mwenye jina ambalo hajui lilikotoka.

Asili: kijiji cha bwana mmoja

Ukilikata jina hili kwa Kiingereza cha darasani unapata "jiwe lililo hai". Wapo wanaolipenda kwa sababu hiyo, maana Waraka wa Kwanza wa Petro nao unataja mawe yaliyo hai. Ni tafsiri tamu, ila siyo asili ya jina.

Asili yake ni Scotland, magharibi ya mji wa Edinburgh. Katika karne ya 12 aliishi huko mtu aliyeitwa Leving. Jina lake linahusishwa na neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya "mpendwa". Makazi yake yakaitwa kwa jina lake, likiongezwa neno *tun*, yaani boma au kijiji. Kwa hiyo Livingston ni "kijiji cha Leving", kama sisi tunavyosema Kwa Mtogole au Kwa Azizi Ali. Kijiji hicho bado kipo, na mwaka 1962 serikali ilikiteua kiwe mji mpya. Ile *stone* ya mwisho ni maandishi tu yaliyokuja kufuata masikio ya watu. Daudi Livingstone mwenyewe, yule tunayemsoma tangu shule ya msingi, aliliandika jina lake bila herufi *e* ya mwisho hadi miaka ya 1850.

Watu waliotoka kijiji hicho wakachukua jina la mahali kuwa jina la ukoo, na baadhi yao wakawa wakubwa. Sir Alexander Livingston alikuwa miongoni mwa walioshika madaraka katika karne ya 15, wakati Mfalme James wa Pili alipokuwa bado mtoto. Mary Livingston alikuwa mmoja wa wasichana wanne, wote wakiitwa Mary, waliofuatana na Malkia Mary wa Scotland kwenda Ufaransa mwaka 1548.

Asili ya pili: mwana wa tabibu

Hapa ndipo mambo yanaponoga. Daudi Livingstone hakutoka kwenye kijiji cha Leving. Babu yake alihamia Blantyre akitokea kisiwa cha Ulva, pwani ya magharibi, ambako watu walizungumza Kigaeli. Katika lugha hiyo majina mengi ya ukoo huanza na *Mac*, yaani "mwana wa". Kwa Waswahili tungesema "bin". MacDonald ni bin Donald; MacGregor ni bin Gregor.

Upande huo, hasa kisiwa cha Lismore, kulikuwa na ukoo ulioitwa MacLea. Wapo wanaolieleza jina hilo kuwa ni "mwana wa tabibu", na wapo wanaolitoa kwenye jina la kale zaidi lenye neno "mlima" ndani yake. Kiingereza kilipozidi kushika ofisi, mahakama na makanisa, watu wa ukoo huo wakaanza kujiandikisha kama Livingstone, jina ambalo tayari lilikuwa na heshima huko mashariki.

Naomba usome tena sentensi hiyo taratibu. Yaani hata huko Scotland, kwa maelfu ya watu Livingstone lilikuwa jina la kuazima! Waliacha jina la lugha ya nyumbani wakachukua linalotamkika kwa karani. Na katika kitabu chake cha mwaka 1857, Livingstone anaeleza kuwa babu wa baba yake aliuawa katika vita vya Culloden. Vita hivyo vilipiganwa mwaka 1746, na baada yake serikali ya Uingereza iliwabana sana watu wa nyanda za juu, hadi mavazi yao yakapigwa marufuku.

Kuenea kwake

Kwa idadi, Livingstone halishindani na Smith, Brown wala Wilson, ambayo ndiyo majina yaliyojaa Scotland. Lakini limesafiri mbali. Robert Livingston, aliyezaliwa Scotland mwaka 1654, alikwenda New York akawa tajiri wa ardhi. Mjukuu wake, Philip, alitia saini Azimio la Uhuru la Marekani mwaka 1776. Familia hiyohiyo iliwekeza fedha katika meli za watumwa.

Sasa linganisha. Karne moja baadaye, jina hilohilo likajulikana dunia nzima kwa sababu ya mtu aliyeandika kupinga biashara ya watumwa. Mwaka 1887 chuo cha Wamarekani weusi huko North Carolina kilipewa jina lake, Livingstone College, na hapo ndipo aliposoma James Aggrey wa Ghana. Kwa hiyo jina haliwezi kukwambia peke yake kama aliyelibeba alikuwa mwema au mbaya.

Lilivyofika kwetu

Stanley alimkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871. Wengi hatuambiwi kwamba Stanley naye alizaliwa Wales akiitwa John Rowlands, na hilo la Stanley alilichukua Marekani. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, akina Susi, Chuma na Jacob Wainwright waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo. Wainwright alikuwa Myao aliyekombolewa utumwani, akapewa jina la Kiingereza shuleni. Katika msafara ule, kila mmoja alikuwa na historia ya jina.

Baadaye misheni zikaja, na watoto wetu wakabatizwa Livingstone. Jina la ukoo la Waskoti likageuka jina la kwanza la Waafrika. Profesa Livingstone Luboobi, mwanahisabati wa Uganda, aliwahi kuwa Makamu Mkuu wa Chuo cha Makerere. Zambia ilipopata uhuru ilibadili majina ya miji: Broken Hill ikawa Kabwe, Abercorn ikawa Mbala. Mji wa Livingstone ukaachwa ulivyo.

Sasa nibadili au nisibadili?

Babu yangu, mtu wa Kasulu, alizaliwa pacha. Nyumbani aliitwa Bukuru, jina ambalo Waha humpa pacha anayetangulia. Mdogo wake akaitwa Butoyi. Livingstone alipewa siku ya ubatizo. Nilidhamiria kuandika Bukuru, nikampigia shangazi kumwomba ushauri. Akanijibu: "Mwanangu, babu yako alilipia kodi kwa jina la Livingstone, akawasomesha baba zako kwa jina hilo, na ndilo lililoandikwa kwenye msalaba wake. Sasa ukilifuta, unamfuta Mzungu au unamfuta baba yangu?"

Sikuwa na jibu. Hoja ya wenzangu wa vimbweta bado ina uzito: lugha zetu zilidharauliwa, na majina yetu yalionekana hayafai mbele ya padri na karani. Anayerudisha jina la nyumbani anafanya jambo la maana, namheshimu. Ila kwangu mimi, hilo jina la tatu halimtaji Daudi wa Blantyre, wala Leving wa karne ya 12. Linamtaja mzee mmoja wa Kasulu aliyelima kahawa. Cheti changu kitabaki hivyo kilivyo, na Bukuru nimeliandika kwenye ukurasa wa shukrani wa utafiti wangu pamoja na maana yake.

Ushauri wangu kwako ni mmoja. Kabla hujala kiapo cha kubadili jina, au kabla hujaapa kutolibadili, mpigie simu mzee wa kwenu aliye hai umuulize nani alilibeba kabla yako. Maktaba itakupa maana ya neno. Huyo mzee ndiye atakayekupa mtu.