FUNGA MKANDA, KISHA TAWAKALI

Somo la Ijumaa

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, Ijumaa hii tunaleta somo ambalo wengine watasema si la msikitini. Somo lenyewe ni mkanda wa gari. Tunawaomba msome mpaka mwisho, kisha muhukumu wenyewe.

JAMBO LILILOTUSUKUMA

Mwandishi wa karatasi hii alipanda gari kutoka hapa Manono kwenda Kalemie. Mbele, kando ya shofa, alikaa mama mmoja na mtoto wake wa mwaka mmoja mapajani. Mkanda wa shofa ulikuwa umefungwa, lakini ulipita nyuma ya mgongo wake, ili gari liache kulia. Mkanda wa mama ulikuwa umesukumwa chini ya kiti. Hatukuwa tunakwenda mbio, kwa sababu barabara ilikuwa na mashimo. Mbuzi akakatiza, shofa akakanyaga breki. Mbuzi akapona, na sisi tukapona, lakini mtoto alimtoka mama mikononi akagonga paji la uso kwenye dashibodi. Damu ikatoka. Mama akalia, "Nilikuwa nimemshika kabisa!" Wala hakusema uongo.

Watu wakamtuliza: "Pole mama, ni mapenzi ya Mungu." Shofa akawasha gari, tukaendelea. Baada ya hapo hakuna hata mmoja aliyefunga mkanda. Hata mimi ninayeandika sikufunga. Nimeyafikiri maneno yale, "ni mapenzi ya Mungu", mara nyingi tangu siku ile, na ndiyo yaliyoleta somo hili.

KUTAWAKALI SI KUACHA SABABU

Ni kweli, hakuna jambo linalotokea nje ya kadari ya Allah. Lakini nani alitawakali kuliko Mtume (S.A.W.)? Naye siku ya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, alitoka kwenda vitani akiwa amevaa deraya mbili, moja juu ya nyingine. Hakusema, "Mimi ni Mtume, mshale hautanipata." Na yule bedui aliyemuuliza kama amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali, alielekezwa afanye yote mawili: amfunge kwanza, kisha atawakali. Hadithi hiyo imo katika Tirmidhi.

Vilevile katika Surat al-Baqara, aya ya 195, tumekatazwa kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu wenyewe. Mtu anayesukuma mkanda chini ya kiti, je, anatumia mkono wa nani?

Basi tuseme wazi: ajali ikitokea ni kadari, na mkanda pia ni kadari. Allah aliyeumba ugonjwa ndiye aliyetupa dawa. Mwaka 1959 mhandisi mmoja wa Sweden, Nils Bohlin, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Volvo, alitengeneza mkanda huu wa leo unaopita begani na kiunoni. Kampuni hiyo ikaacha wengine wote wautumie. Hiyo ni neema imefika mpaka Manono, nasi tunaikalia.

MKANDA UNAFANYA NINI

Gari linapogonga mti kuna migongano mitatu. Wa kwanza, gari linagonga mti. Wa pili, mwili wako, ambao bado unakwenda kwa kasi ileile, unagonga usukani, kioo au mtu wa mbele yako. Wa tatu, ubongo unagonga fuvu, na moyo na ini vinagonga mifupa. Mkanda hauzuii mgongano wa kwanza. Unapunguza ule wa pili na wa tatu, kwa kuushika mwili kwenye mifupa yenye nguvu, yaani bega, kifua na nyonga.

Kugonga kitu kigumu kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka juu ya mwembe wenye urefu wa mita 10. Hakuna mwenye akili anayeanguka kutoka hapo akadhani mikono yake itamzuia. Na mtoto wa kilo 10, katika mgongano wa namna hiyo, anaweza kuvuta kwa nguvu ya kilo 300. Ndiyo maana tumesema yule mama hakusema uongo. Alimshika mtoto kwa nguvu zake zote, lakini mikono ya binadamu haikuumbwa kwa kazi hiyo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kama milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Shirika hilohilo linasema kufunga mkanda kunaweza kupunguza hatari ya kufa kwa aliye garini hadi kufikia nusu.

NAMNA YA KUUFUNGA

1. Kaa wima, mgongo uguse kiti. Ukilaza kiti kama kitanda, mwili utateleza chini ya mkanda.

2. Sehemu ya chini ipite juu ya mifupa ya nyonga, isipite juu ya tumbo. Tumbo halina mfupa wa kulilinda.

3. Sehemu ya juu ipite katikati ya bega na katikati ya kifua. Isikate shingo, wala isipitishwe chini ya kwapa au nyuma ya mgongo.

4. Mkanda usijisokote. Uvute ubane, usilegee. Ukivaa koti zito, lifungue, mkanda ukae karibu na mwili.

5. Mkanda mmoja ni wa mtu mmoja. Uliochanika, au uliowahi kumshika mtu katika ajali kubwa, ubadilishwe.

6. Mama mwenye mimba afunge. Sehemu ya chini ikae chini ya tumbo, juu ya nyonga. Ya juu ipite katikati ya maziwa, kando ya tumbo. Mkanda unamlinda yeye, na kwa kumlinda yeye unamlinda aliye tumboni.

WATOTO NI AMANA

Mtoto hachagui mahali pa kukaa garini. Sisi ndio tunamchagulia, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga.

Mtoto mchanga ana kichwa kizito na shingo dhaifu. Kinga yake ni kiti chake maalumu, kilichofungwa kiti cha nyuma, uso wake ukiangalia nyuma ya gari, na abaki hivyo muda mrefu iwezekanavyo. Akikua, anakaa katika kiti kinachoangalia mbele chenye mikanda yake midogo. Akizidi hapo, anakalia kiti cha kumwinua, mpaka mkanda wa mkubwa umkae sawa. Kipimo ni hiki: mgongo unagusa kiti, magoti yanakunjika kwenye ukingo wa kiti, mkanda unapita begani wala si shingoni, na chini uko nyongani wala si tumboni. Watoto wengi hufika hapo wakiwa na urefu wa mita 1.35 hadi 1.50.

Mtasema: viti hivyo Manono viko wapi? Ni kweli ni vya shida. Mwenye uwezo, au mwenye ndugu anayeleta bidhaa kutoka Lubumbashi au Dar es Salaam, aagize. Kiti kimoja kinaweza kusaidia watoto kadhaa wa ukoo mmoja, mradi hakijawahi kuwa katika ajali na hakijapasuka. Asiye nacho afanye lile analoweza:

- Mtoto asikae mbele. Akae nyuma.
- Mtoto anayeweza kukaa mwenyewe apewe nafasi yake na mkanda wake. Msifunge watoto wawili kwa mkanda mmoja.
- Mtoto mchanga asiye na kiti afungwe kwa kitenge kifuani pa mama. Mama akae nyuma, afunge mkanda wake mwenyewe, na mkanda usipite juu ya mtoto, kwa sababu uzito wa mama utamponda. Hii si kinga ya kutosha. Ni afadhali tu kuliko kumpakata mbele.
- Mtoto asisimame katikati ya viti, wala asitoe kichwa dirishani.

MFUKO WA HEWA

Magari mengi yanayotoka Japani yana herufi SRS kwenye usukani na kwenye dashibodi. Hapo ndani mna mfuko unaojaa hewa gari likigonga kwa nguvu. Unajaa kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mfuko huu ni msaidizi wa mkanda, hauchukui nafasi yake. Asiyefunga mkanda anatupwa mbele wakati mfuko unamjia kwa kasi, na mfuko unaweza kumuumiza badala ya kumsaidia.

Wengi mnakumbuka usiku wa kuamkia 31 Agosti 1997, mjini Paris. Gari aina ya Mercedes liligonga nguzo ndani ya handaki. Walikuwamo watu wanne: Diana, aliyekuwa mke wa Charles ambaye leo ni mfalme wa Uingereza; Dodi Fayed, Mwislamu mwenye asili ya Misri; shofa; na mlinzi. Uchunguzi wa polisi wa Uingereza uliotolewa mwaka 2006 ulisema hakuna aliyekuwa amefunga mkanda. Mifuko ya hewa ya mbele ilijaa, na shofa akafa vilevile. Mlinzi aliyekaa mbele alipona kwa majeraha makubwa. Wawili waliokaa nyuma walikufa wote, na Dodi aliswaliwa jeneza siku hiyohiyo katika msikiti wa Regent's Park, London. Basi anayesema "nyuma hakuna haja ya mkanda" na akumbuke gari lile.

Mambo manne kuhusu mfuko huu:

1. Kifua cha shofa kiwe mbali na usukani angalau sentimita 25.

2. Kiti cha mtoto kinachoangalia nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko unaofanya kazi. Katika miaka ya 1990 huko Marekani watoto waliuawa na mifuko hii wakiwa wamekaa mbele.

3. Usiweke miguu juu ya dashibodi, wala usipange hapo chupa za marashi na mapambo. Mfuko ukifumuka utavirusha usoni.

4. Ukiwasha gari, taa ya mfuko huwaka kidogo kisha huzimika. Isipozimika, au isipowaka kabisa, mwite fundi anayejua. Mifuko ya kampuni ya Takata ya Japani iligunduliwa kuwa inaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma, na mamilioni ya magari yaliitwa yarudishwe. Kwa hiyo anayenunua gari la mtumba aulize.

KWA NINI HATUFUNGI

Tunasema, "Safari ni fupi." Ajali haiulizi umefika wapi. Tunasema, "Gari likiwaka moto nitashindwa kutoka." Aliyepoteza fahamu kwa kugonga kioo ndiye asiyeweza kutoka. Aliyefungwa huwa macho, na kifungo kinabonyezwa kwa kidole kimoja. Tunasema, "Shofa atadhani simwamini." Wewe unaweza kumwamini yeye, lakini mbuzi je? Tunasema, "Mkanda mchafu utaharibu kanzu." Ndugu yangu, kanzu inafuliwa.

Malalamiko haya yalisikika hata kwa jirani zetu wa Kenya. Mwaka 2003 waziri wa uchukuzi, John Michuki, alitoa sheria kwamba kila abiria wa matatu awe na mkanda, na gari lisizidi kilomita 80 kwa saa. Sheria ilianza kazi tarehe 1 Februari 2004. Matatu zikagoma na watu wakatembea kwa miguu, lakini waziri hakurudi nyuma. Baadaye usimamizi ulipolegea, mikanda mingi ikabaki pambo. Kisha watafiti wakabandika katika matatu karatasi za kuwahimiza abiria waseme shofa anapoendesha vibaya. Katika jaribio la kwanza, madai ya bima kwa magari hayo yalipungua kama nusu. Mafunzo ni mawili: sheria inasaidia, na mdomo wa abiria unasaidia pia. Kuamrisha mema na kukataza maovu kunafanyika hata ndani ya gari.

WANAOPANDA KAMIO NA PIKI

Tunajua wengi wetu husafiri juu ya mizigo ya kamio, au kwa piki, ambako hakuna mkanda. Juu ya mizigo hakuna mahali salama. Ukiweza kusubiri gari lenye viti, subiri. Ukishindwa, watoto na wazee wapewe nafasi ndani. Kwenye piki, kofia ngumu iliyofungwa kidevuni ndiyo mkanda wako. Mtoto asiwekwe juu ya tangi mbele ya shofa, kwa sababu hapo yeye ndiye atakayegonga kwanza.

KAZI YA JUMA HILI

Tangu kazi ya lithiamu ilipoanza hapa Manono, magari yameongezeka, na barabara ikitengenezwa mwendo nao unaongezeka. Tusingoje msiba utufundishe. Kila mwenye gari, leo baada ya swala, aitoe mikanda chini ya viti, aioshe na aijaribu. Kila shofa Mwislamu asiwashe gari kabla ya abiria kufunga. Kila mzazi awafundishe watoto kwamba tukipanda gari tunafunga mkanda, kisha tunasoma dua ya safari. Mimi niliyenyamaza siku ile nimeanza.

Tunamwomba Allah atulinde sisi na watoto wetu njiani na majumbani, awarehemu waliotutangulia kwa ajali, na awaponye waliobaki na vilema. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.

Tafadhali usisome karatasi hii wakati imamu anatoa khutba. Ina jina la Allah ndani yake, isitupwe mahali pachafu. Ukimaliza, mpe mwenzako, hasa shofa.