SOMO LA UFUNDI: KUANDAA BODI YA MAJARIBIO NA KUTAFUTA KOSA LAKE



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu wapenzi, wengi wenu mnakumbuka kwamba mwaka 2023 pampu ya kisima chetu iliungua. Iliwashwa baada ya Alfajiri, aliyeiwasha akaingia darasani, kisima kikapungua na pampu ikaendelea kuzunguka bila maji mpaka mota ikatoa moshi. Kwa wiki tatu watoto walibeba madumu kutoka majumbani ili wapate maji ya kutawadhia, na fedha za kuisuka mota zilitoka katika michango yenu. Hapo ndipo tulipoamua kwamba pampu isitegemee tena kumbukumbu ya mtu. Katika makala haya tutaeleza, kwa uwezo wa Allah, jinsi tulivyotengeneza kifaa cha kuiongoza, na zaidi tutaeleza makosa tuliyoyapata njiani, kwani humo ndimo lilimokuwa somo lenyewe. Sisi tulisomea fiqhi na lugha, si umeme. Basi fundi atakayesoma haya atuvumilie.

Mikrokontrola ni kompyuta kamili iliyomo ndani ya kipande kimoja cheusi cha plastiki. Haina kioo wala kibodi. Kazi yake ni kusoma hali ya miguu yake, yaani pini, kisha kuwasha au kuzima kitu kwa mujibu wa programu uliyoiandika. Imo ndani ya rimoti na mashine za kufulia. Kwa kuwa kipande chenyewe ni vigumu kukishika mtu anayejifunza, huwekwa juu ya bodi ya majaribio yenye tundu la waya wa kompyuta, pini za kuchomekea na vitaa vichache. Sisi tulitumia aina ya Arduino Nano, ambayo urefu wake ni milimita 45 na upana 18. Mradi wa Arduino ulianza mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi wa usanifu ambao hawakusomea umeme. Michoro yake iliachwa wazi kwa kila mtu, ndiyo maana viwanda vingi hutengeneza nakala zake. Yetu pia ni nakala.

Jioni ya kwanza

Tuliichomeka bodi kwenye kompyuta mbele ya wanafunzi kumi na wawili. Kitaa cha umeme kikawaka, na kitaa cha pili kikawa kinakonyeza polepole. Lakini kompyuta haikuonyesha dalili yoyote kwamba kuna kitu kimechomekwa. Tukachomoa, tukachomeka, tukaizima kompyuta na kuiwasha. Hapakuwa na mabadiliko. Mwanafunzi mmoja ndiye aliyeishika bodi mchana, na tuseme kweli, tulimwambia mbele ya wenzake kwamba ameiunguza. Alinyamaza. Siku mbili baadaye akaja na waya mwingine, alioutoa kwenye kamera ya zamani ya mjomba wake, akauchomeka, na kompyuta ikalia mara moja.

Waya wetu ulikuwa wa spika ya kuchaji. Nyaya za namna hiyo mara nyingi huwa na nyuzi mbili tu za umeme, na zile mbili za kupitisha taarifa hazimo. Bodi ilikuwa inapata chakula lakini haina njia ya kusema. Tungetazama vizuri, tungeona kwamba kitaa kinachokonyeza ni ushahidi wa kutosha. Bodi nyingi mpya huja na programu ndogo ya kukonyeza kitaa kilichounganishwa na pini namba 13, na bodi iliyoungua haiwezi kuendesha programu hiyo. Ushahidi ulikuwa mbele ya macho yetu nasi tukashika dhana. Mwanafunzi yule tulimwomba radhi mbele ya wale wale kumi na wawili.

Kompyuta ilipolia bado haikuijua bodi kwa jina. Bodi nyingi za nakala hutumia kipande kiitwacho CH340 kuzungumza na kompyuta, na Windows ya zamani kama yetu huhitaji kuwekewa draiva yake. Tulipoiweka, porti ikaonekana. Tukajaribu kupakia programu, tukajibiwa kwa maneno mekundu kwamba bodi na kompyuta haziendi pamoja. Hapa jambo ni jepesi ukilijua: ndani ya bodi kuna programu ndogo inayopokea programu zako, na kuanzia mwaka 2018 Nano halisi zilianza kutoka na toleo jipya lenye kasi nyingine. Nakala nyingi zina lile la zamani. Katika orodha ya vifaa tukachagua processor iliyoandikwa Old Bootloader, na programu ikaingia.

Hata hivyo, usiamini kwamba imeingia kwa sababu tu kitaa kinakonyeza, kwani kilikuwa kinakonyeza tangu mwanzo. Badilisha muda. Sisi tulifuta 1000 tukaandika 200, na kitaa kilipoanza kukonyeza haraka haraka tulijua kwamba sasa kinatii amri yetu.

Maboya mawili

Ndani ya tangi tuliweka maboya mawili yenye swichi, la juu na la chini. La kwanza tulilichomeka kwenye pini namba 0, kwa kuwa ndiyo ya mwanzo, na programu zikakataa tena kupakika. Pini 0 na 1 ndizo njia ya mazungumzo ya bodi na kompyuta. Ukizifungia kitu kingine, njia inazibika. Tukahamia pini 2 na 3.

Boya likawa linasema uongo. Tangi tupu, bodi inasoma mara maji yapo, mara hayapo, na ukisogeza mkono karibu na waya majibu yanabadilika. Sababu ni kwamba pini isiyoshikwa na upande wowote huelea, mfano wa pazia jepesi mlangoni: upepo mdogo tu hulipeperusha. Dawa yake imo ndani ya mikrokontrola yenyewe. Ukiandika INPUT_PULLUP, pini huvutwa juu na rezista ya ndani mpaka swichi iishushe. Kumbuka tu kwamba maana hugeuka: swichi ikifunga unasoma 0, ikiachia unasoma 1.

Mgeuko huo tuliutumia kwa faida. Tuliyaweka maboya yafunge swichi pale ambapo maji hayajayafikia. Hivyo panya akikata waya darini, bodi husoma 1 na kudhani maji yamejaa, na pampu huzima. Tungefanya kinyume, waya uliokatika ungemaanisha tangi tupu siku zote, na tungekuwa tumejitengenezea ajali ile ile ya mwaka 2023.

Sekunde 13

Kwa kuwa kisima nacho hupungua, tuliongeza sharti: pampu ikizunguka dakika 45 na tangi halijajaa, izime. Tukaandika 45*60*1000, maana bodi huhesabu kwa elfu za sekunde. Siku ya jaribio pampu ikawaka, ikazima, hata ndoo haijajaa. Kila mmoja wetu akawa na fatwa yake: relei mbovu, umeme mdogo, boya limekwama. Binti mmoja wa darasa la sita hakusema kitu. Alichukua saa, akapima mara nne. Sekunde 13, kila mara.

Kosa la waya mbovu huja na kuondoka. Kosa linalokuja kwa sekunde zile zile ni la hesabu. Tukaiamuru bodi iandike kwenye kioo cha kompyuta muda inaoutumia. Kwanza yakatoka maandishi yasiyosomeka, kwa kuwa programu ilisema kwa kasi ya 9600 na dirisha likisikiliza kwa 115200. Tulipozilinganisha, bodi ikaandika 13024.

Jibu sahihi ni 2,700,000. Lakini katika mikrokontrola hii namba ya kawaida huwekwa kwenye chumba kinachobeba tarakimu 65,536 tu, kisha huanza upya, kama saa ya ukutani ambayo kwayo saa kumi ukiongeza saa tano unapata saa tatu. Toa 65,536 mara 41 kutoka 2,700,000, kinachobaki ni 13,024. Binti yule alilifanya ubaoni kwa chaki. Dawa ilikuwa herufi mbili: 45UL*60*1000, ili bodi itumie chumba kikubwa.

Upande wa volti 230 hakuna mwanafunzi aliyeugusa. Kontakta ya pampu ilifungwa na fundi umeme, nasi tukaishia kwenye relei. Nanyi mtakaojaribu nyumbani, msivuke hapo.

Bodi ya pili ipo kabatini, na darasa hukutana kila Alhamisi baada ya Alasiri. Anayetaka kujiunga aje na daftari, na kama ana waya wa kamera ya zamani aje nao. Wa spika tunao.