Kuhifadhi Mahindi Nyumbani: Maji, Hewa na Dumuzi

Mkulima avunapo mahindi yake mwezi wa Juni huwa hajamaliza kazi ya kujipatia chakula. Katika mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, kama vile Dodoma, Singida na Tabora, nafaka iliyomo katika kihenge ndiyo itakayolisha nyumba hadi mavuno mengine. Hesabu yake si ngumu. Nyumba yenye magunia 10 ya kilo 100 kila moja, ambayo hupika kilo 3 kwa siku, ina chakula cha siku 333. Wadudu wakila sehemu moja tu kati ya kumi, siku 33 zimetoweka. Nazo ni zile za mwisho, wakati mahindi mapya yangali mabichi shambani.

Punje ni kitu hai

Punje ya mahindi ni mbegu iliyolala. Huvuta oksijeni, hutumia wanga wake polepole, na hutoa kaboni dayoksaidi, maji na joto. Kadiri unyevu wake uzidivyo, ndivyo kupumua huko kunavyoongezeka. Ndiyo maana mtu akitia mkono katikati ya lundo la mahindi yasiyokauka husikia joto. Katika hali hiyo kuvu hustawi.

Mahindi yavunwapo huwa mara nyingi na unyevu wa asilimia 20 au zaidi. Kabla ya kuhifadhiwa yapaswa kushuka hadi asilimia 13 au chini yake. Wanafunzi waweza kukadiria ukubwa wa kazi hiyo. Katika kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 20, kilo 80 ni nafaka kavu. Kilo hizo 80 zikiwa asilimia 87 ya uzito mpya, uzito huo ni kilo 92 hivi. Basi jua na upepo hutakiwa kuondoa lita 8 za maji katika kila gunia, na hazitaondoka kwa siku moja ya kuanika.

Miongoni mwa aina za kuvu imo Aspergillus flavus, ambayo hutengeneza sumukuvu, sumu inayodhuru ini. Mwaka 2004, huko mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo, na 125 kati yao wakafariki. Mwaka 2016 maafa ya namna hiyo yaliwapata watu wa Dodoma na Manyara. Sumukuvu haiondoki kwa kupika ugali, hata ukipikwa muda mrefu. Kwa hiyo mahindi yaanikwe juu ya turubai, jamvi au kichanja, wala si juu ya udongo mtupu, maana udongo una vimelea vya kuvu hiyo. Punje zilizovunjika, zilizosinyaa au zenye rangi ya ukungu zichambuliwe na kutupwa. Desturi ya kuwapa kuku mahindi yaliyooza, au kuyatengea pombe, haifai hata kidogo: sumu humdhuru mnyama, hupita katika maziwa ya ng'ombe, na hubaki katika pombe.

Mgeni kutoka Amerika ya Kati

Ukavu huishinda kuvu, na humpunguza nguvu fukusi, mdudu wa ghala aliyezoeleka tangu zamani. Haumshindi dumuzi. Mdudu huyu, Prostephanus truncatus, asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Alionekana mkoani Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na taarifa ya wataalamu juu yake ikachapishwa mwaka 1981. Wakulima walimwita pia Scania, kwa jina la lori. Mwaka 1983 alikuwa amekwisha kuvuka mpaka na kufika Taveta, Kenya.

Dumuzi ni mweusi au wa rangi ya kahawia, mfano wa kipande kifupi cha mche, na urefu wake ni milimita 3 hadi 4 na ushei. Kichwa chake kimefichwa chini ya kifua, hata mtu amtazamaye kutoka juu hakioni. Yumo katika ukoo wa wadudu watoboao miti, na jambo hilo laeleza mengi. Aweza kuishi katika nguzo na fito za ghala lenyewe, akayasubiri mavuno mapya. Hula makopa ya muhogo kama alavyo mahindi. Aweza kuzaliana hata katika punje zenye unyevu wa asilimia 10 tu. Katika joto la nyuzi 32 na hewa yenye unyevunyevu, yai huwa mdudu mzima kwa muda wa siku 27 hivi. Aachapo punje, hubaki unga mwingi na maganda.

Tena hupendelea mahindi yaliyomo katika magunzi, kwa kuwa punje zilizoshikamana humpa mahali imara pa kutobolea. Hapo ndipo desturi ya wazee ilipogeuka kuwa hasara. Kuyatundika mahindi na maganda yake juu ya moshi wa jiko kulifaa dhidi ya fukusi, kwani ganda humzuia; dumuzi huingia pasipo shida. Hivyo washauri wa kilimo wakahimiza kupukuchua. Dawa nayo ilibidi ichanganywe: pirimifosi-metili huua fukusi lakini humwacha dumuzi, na permethrini huua dumuzi lakini humwacha fukusi. Itumike ile tu iliyoandikwa kuwa ya nafaka ya chakula, kwa kipimo chake.

Kunyima hewa

Njia ya pili haitumii dawa. Mfuko usiopitisha hewa una mifuko miwili ya plastiki nzito ndani ya gunia la kawaida. Ukijazwa mahindi makavu na kufungwa barabara, wadudu waliomo hutumia oksijeni iliyobaki mpaka ikapungua mno. Wadudu wa ghala hawanywi maji. Hujipatia sehemu kubwa ya maji yao kwa kuunguza wanga kwa oksijeni ndani ya miili yao. Oksijeni ikikosekana, huacha kula, hukosa maji, na hufa wakiwa wamekauka. Kihenge cha chuma, au pipa lenye kifuniko cha kubana, hufanya kazi hiyo hiyo.

Lakini mfuko huo hauwezi kukausha chochote. Mahindi yenye unyevu yakifungiwa humo, maji hayana pa kutokea, na nafaka huharibika. Aidha panya au ncha ya kijiti ikitoboa plastiki, hewa huingia na faida yote hupotea; mfuko uwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta.

Jaribio

Chukua chupa kavu yenye kifuniko. Tia vijiko 3 vya chumvi iliyokaushwa juani, kisha mahindi hadi theluthi ya chupa. Funga, tikisa kwa dakika moja, uiache dakika 15. Chumvi ikiganda katika kuta za chupa, unyevu wa nafaka umezidi asilimia 15. Isipoganda, umeshuka chini ya hapo, ila bado haijathibitika kuwa umefika 13. Anika siku moja au mbili zaidi.

Kisha jaza chupa mbili mahindi makavu, na katika kila moja tia fukusi hai 50. Moja ifungwe kwa kifuniko na nta, ya pili ifunikwe kwa kitambaa. Baada ya wiki 4 zifungue zote mbili, hesabu walio hai, na upime uzito wa punje na wa unga. Mahindi hayo yachomwe moto, yasirudishwe ghalani.