Mashabiki Kurudi Viwanjani Baada ya Korona: Maswali na Majibu kwa Wasomaji wa Mtunda na Delta ya Rufiji

Viwanja vya Tanzania vilifungwa lini, na vikafunguliwa lini?

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alisimamisha mikusanyiko kwa siku 30, michezo ikiwemo, na muda huo ukaja kuongezwa. Siku tisa kabla ya katazo hilo, Yanga walikuwa wameifunga Simba 1-0 kwa mpira wa adhabu wa Bernard Morrison, uwanja umefurika na Rais John Magufuli yupo jukwaani. Tarehe 21 Mei Rais alitangaza kwamba michezo ingerudi kuanzia 1 Juni. Ligi Kuu ilianza tena 13 Juni kwa mechi mbili: Mwadui na Yanga mjini Shinyanga, na Coastal Union na Namungo mjini Tanga.

Mashabiki waliruhusiwa siku hiyohiyo?

Waliruhusiwa, na hilo ndilo lililoitenga Tanzania na nchi nyingi. Ujerumani ilirudisha ligi yake 16 Mei 2020 bila watazamaji. Uingereza ilifuata 17 Juni, majukwaa yakiwa matupu, na viwanja vyake havikujaa tena mpaka Agosti 2021. Hapa jirani, Kenya, Uganda na Rwanda hazikumaliza msimu: Gor Mahia, Vipers na APR walipewa ubingwa mezani. Burundi peke yake ndiyo iliyoitangulia Tanzania, kwa kurudi uwanjani 21 Mei. Kenya iliruhusu majukwaa yajae 11 Machi 2022, tena kwa waliokamilisha chanjo tu.

Tofauti hiyo ilitokana na siasa kuliko sayansi. Serikali ya wakati huo haikuamini katika kuwafungia watu ndani, na tangu mwisho wa Aprili 2020 ilikuwa imeacha kutoa takwimu za wagonjwa. Chanjo ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 28 Julai 2021. Kwa hiyo shabiki wa Tanzania alitangulia uwanjani, chanjo ikamfuata baada ya zaidi ya mwaka mzima.

Masharti yalikuwa yapi, na yalifuatwa?

Kunawa mikono getini, kuvaa barakoa, kukaa mbalimbali. Kunawa kulifanyika. Kukaa mbalimbali kulishindikana mapema sana: siku nne tu baada ya ligi kurudi, JKT Tanzania waliikaribisha Yanga katika Uwanja wa Jamhuri, Dodoma, watu wakabanana kama kawaida ya mechi ya Yanga mikoani. JKT Tanzania waliadhibiwa kwa kuamriwa kucheza mechi zao za nyumbani bila mashabiki. Ilikuwa adhabu halali, lakini iliangukia klabu ndogo iliyokuwa mwenyeji wa umati usio wake.

Mwishoni mwa Agosti masharti yalikuwa yamesahaulika. Matamasha ya Simba na Yanga, Simba Day tarehe 22 na Wiki ya Mwananchi tarehe 30, yalijaza uwanja ambao mwezi uliotangulia ulikuwa umepewa jina la Benjamin Mkapa, kufuatia kifo cha rais huyo wa zamani.

Kwa nini basi mechi za Afrika ziliendelea kuwa na idadi maalumu?

Kwa sababu mechi hizo husimamiwa na Shirikisho la Soka Afrika (CAF), ambalo haikufuata msimamo wa Dodoma. Kwa kila mechi shirikisho hilo liliamua watazamaji wangapi waingie, au wasiingie kabisa. Simba walipoifunga Al Ahly 1-0 tarehe 23 Februari 2021 kwa bao la Luis Miquissone, walioruhusiwa ni 30,000, nusu ya uwezo wa uwanja. Mwezi uliofuata, dhidi ya Al Merrikh ya Sudan, milango ilifungwa kwa mashabiki. Uwanja uleule ukawa na sheria mbili: ya ligi ya nyumbani na ya mashindano ya Afrika. Aliyepata hasara zaidi ni mtu wa mbali, ambaye hawezi kusubiri tangazo la dakika za mwisho ndipo atafute usafiri.

Kurudi uwanjani kulimaanisha nini kwa shabiki wa Kibiti na delta?

Kulimaanisha safari, na safari ndiyo iliyokuwa na msongamano mkubwa kuliko jukwaa. Kwa mtu wa Mtunda, njia ni kutoka hadi Barabara ya Kilwa, kisha Bungu, Mkuranga, Vikindu mpaka Mbagala Rangi Tatu, na kutoka hapo daladala hadi Temeke, uwanja ulipo. Kutoka Kibiti mjini peke yake ni takriban kilomita 140. Anayetoka ndani ya delta huanza na boti mpaka Nyamisati ndipo aikute barabara. Siku ya mechi kubwa watu huchangishana na kukodi Coaster, na Coaster iliyochangiwa haiachi kiti wazi. Atakayekaa mita moja na mwenzake jukwaani kwa dakika 90 atakuwa ameshapumua naye hewa moja kwa saa kadhaa, kwenda na kurudi.

Umbali huo ndio unaofanya hata mabadiliko ya saa mbili yaume. Tarehe 8 Mei 2021 mechi ya Simba na Yanga ilisogezwa kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku, Yanga wakakataa, mechi ikaahirishwa mpaka 3 Julai. Mkazi wa Temeke alirudi nyumbani kwa miguu. Wa Kibiti alirudi na deni la nauli.

Na wale wanaotazama kwenye kibanda umiza?

Hao ndio wengi, na hakuna mwongozo wa viwanja uliowagusa. Vijijini mechi ya Azam TV hutazamwa kwa kiingilio kidogo, kwenye kibanda cha mabati au makuti chenye mabenchi na skrini moja. Mwenye kibanda huziba pande zote kwa turubai ili asiyelipa asichungulie. Biashara inataka hivyo, lakini upepo nao unazuiwa kuingia.

Virusi vya korona husafiri katika matone na chembe ndogo za pumzi, na mtu anayepiga kelele hutoa nyingi kuliko aliyenyamaza. Uwanja wa wazi huzitawanya haraka. Banda lililozibwa huzilimbikiza juu ya vichwa. Kwa kipimo hicho, jukwaa la mzunguko la Uwanja wa Mkapa lilikuwa salama kuliko banda la watu hamsini, ingawa macho ya wakaguzi yalielekezwa kwenye jukwaa. Dawa ilikuwa rahisi: kukunja turubai upande mmoja na kuisogeza skrini ndani zaidi, ili wa nje asikie kelele tu.

Uwanja mtupu hubadilisha matokeo?

Hubadilisha kidogo. Uchunguzi wa ligi za Ulaya za 2020 ulionyesha faida ya kucheza nyumbani ikipungua, na waamuzi wakiwapunguzia wageni kadi za njano. Simba hawakuihisi hasara hiyo: waliifunga Al Merrikh 3-0 majukwaa yakiwa matupu.

Je, hatari ya umati iliondoka na korona?

Haikuondoka, ila ilibadilika sura. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Cameroon, shabiki alitakiwa kuonyesha cheti cha chanjo na majibu ya kipimo. Tarehe 24 Januari 2022 watu wanane walikufa kwa kukanyagana kwenye lango la Uwanja wa Olembe, Yaoundé. Dar es Salaam nayo iliona msiba tarehe 28 Mei 2023, Yanga walipocheza na USM Alger fainali ya Kombe la Shirikisho: mtu mmoja alipoteza maisha na wengine 30 wakajeruhiwa katika msukumano wa kuingia.

Hata silaha ya kupunguza watazamaji imebaki mikononi mwa CAF. Agosti 2025, Kenya, Uganda na Tanzania zilipoandaa mashindano ya CHAN pamoja, shirikisho liliushusha Uwanja wa Kasarani, Nairobi, hadi watazamaji 27,000 na kuagiza tiketi za kielektroniki pekee. Sababu iliyotajwa ilikuwa watu wasio na tiketi kuvunja ulinzi wa mageti.