Fundi wa Tanga na jukwaa la Dar

Swali: Mimi ni fundi cherehani, niko Tanga. Nabuni magauni ya kanga na kitenge. Je, maonyesho ya mavazi ya Dar yana nafasi kwa mtu asiyejulikana?

Jibu: Nafasi ipo, dada. Swahili Fashion Week, iliyoanzishwa na Mustafa Hassanali mwaka 2008, imekuwa na shindano la wabunifu chipukizi. Ila usipeleke gauni moja zuri ukadhani limetosha. Andaa mavazi kadhaa yenye wazo moja. Jaji makini huligeuza vazi ndani nje: nyuzi zinazoning'inia, zipu iliyopinda, kanga iliyokatwa ovyo hadi jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa, likamezwa na mshono. (Hilo la jina huniudhi kuliko yote.) Bei nayo ipange mapema. Mnunuzi akiuliza unashona nguo ngapi kwa wiki, uwe na jibu.