Matumizi ya Taima katika Chumba cha Malisho

Mfugaji asiye na shamba anaweza kuotesha malisho ndani ya chumba kwa njia ya haidroponiki, yaani bila udongo. Nafaka safi ya mahindi, shayiri au ngano, isiyotiwa dawa, hulowekwa usiku kucha, hutandazwa kwenye trei zilizotobolewa, kisha hunyunyiziwa maji mara kadhaa kwa siku. Kwa kawaida malisho huvunwa baada ya siku 7 hadi 9.

Ugumu wa kazi hiyo uko katika kiasi cha maji. Yakipungua, mizizi hukauka. Yakizidi, ukungu hutanda. Baadhi ya aina za ukungu huzalisha sumukuvu, ambayo hudhuru mifugo na huweza kufika hata kwenye maziwa yanayonywewa nyumbani. Ndiyo maana hutumika taima, kifaa kinachochomekwa kwenye soketi ili kuwasha na kuzima pampu kwa muda uliopangwa.

Taima yenye duara la vijino ni rahisi kutumia, lakini aghalabu kila kijino ni dakika 15, muda unaoweza kuwa mrefu mno kwa trei chache. Taima ya kielektroniki huweza kupangwa kwa dakika 1.

Makosa mawili yaepukwe. Kwanza, taima huhesabu saa 24 kuanzia usiku wa manane. Saa 1 asubuhi ni 07:00, na saa 1 usiku ni 19:00. Anayepanga 01:00 akikusudia asubuhi, pampu yake itawaka saa 7 usiku. Pili, taima ya duara husimama umeme unapokatika. Ukikatika kwa saa 3, ratiba yote huchelewa kwa saa 3 hadi irekebishwe. Taima yenye betri hutunza saa, ila pampu haitafanya kazi. Trei zinyunyiziwe kwa mkono.

Kwa usalama, soketi iwe juu ya usawa wa trei, mbali na maji, na wati za pampu zisizidi kiwango kilichoandikwa kwenye taima. Nyaya zifungwe na fundi mwenye leseni.

Taima haimwondolei mfugaji wajibu wa kukagua trei kila siku. Malisho yaliyoota ukungu yatupwe, yasipewe mnyama yeyote. Mwenye shaka amwone Afisa Mifugo wa kata yake kabla ya kulisha.