Kushona Nguo za Watoto kwa Soko la Nje: Mambo ya Kukamilisha Kabla ya Kusafirisha

Mshono mzuri pekee haufikishi nguo sokoni ng'ambo. Mzigo usiotimiza masharti unaweza kuzuiwa bandarini, na hasara humwangukia fundi aliyekwisha kununua kitambaa na kulipa vibarua. Chukua mfano wa kikundi kilichopata oda ya jaketi 400 za watoto.

Marekani
Nguo ya mtoto wa miaka 12 au chini yake lazima iwe na Cheti cha Bidhaa ya Watoto, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2008. Cheti hutolewa na muagizaji aliye Marekani, lakini hutegemea vipimo vya maabara iliyokubaliwa na tume ya usalama wa bidhaa ya nchi hiyo, CPSC. Madini ya risasi hayapaswi kuzidi sehemu 100 katika milioni kwenye vifungo na zipu, na 90 kwenye rangi ya kupaka. Kitambaa chenyewe, hata kilichotiwa rangi, hakihitaji kipimo cha risasi. Michoro iliyochapwa juu yake inahitaji. Jaketi za watoto haziruhusiwi kuwa na kamba ya kukaza kofia au shingo, kwa kuwa kamba hizo zimewahi kunyonga watoto.

Umoja wa Ulaya
Rangi za azo zinazoachilia kemikali hatari zimewekewa kikomo cha miligramu 30 kwa kilo. Nguo za watoto wasiofikia miaka 7 hazipaswi kuwa na kamba kwenye kofia wala shingoni. Alama ya CE haihusu nguo za kawaida. Anayeiuza kwa ajili hiyo anapotosha. Lebo itaje nyuzi na asilimia zake, katika lugha ya nchi inakouzwa.

Hatua za kufuata
1. Muombe mnunuzi orodha ya vipimo kwa maandishi kabla ya kukata kitambaa.
2. Kubalianeni ni nani atakayelipia maabara.
3. Peleka sampuli yenye kitambaa, vifungo, zipu na uzi vitakavyotumika kwenye oda yote.
4. Hifadhi risiti za kila kifaa pamoja na majibu ya maabara.
5. Shughulikia cheti cha asili ya bidhaa mapema. Hiki huonyesha nguo imetengenezwa Kenya na husaidia kupata nafuu ya ushuru. Hakithibitishi usalama wake.

Kosa la kuepuka
Vifungo vikiisha katikati ya kazi, fundi hushawishika kununua vingine vya bei nafuu. Vifungo hivyo havikupimwa, kwa hiyo majibu ya maabara hayavihusu. Ni heri kuchelewesha mzigo wiki moja na kumjulisha mnunuzi kuliko kupoteza oda nzima.

Alama ya ubora ya KEBS ina manufaa yake humu nchini, lakini haichukui nafasi ya vyeti vinavyotakiwa ng'ambo.